Aibu yetu ndiyo ngao ya wanaowatesa wazee



Kuna maneno tumeyazoea sana: "Kwetu hakuna mambo hayo." Ukitaja makao ya wazee barazani, matangani, au kwenye kundi la WhatsApp la familia, lazima atatokea mtu ayaseme. Ati makao ya wazee ni mambo ya Wazungu. Ati sisi wazee wetu twawalea nyumbani. Ati anayempeleka mamake huko hana radhi. Basi, watu wanatikisa vichwa, mada inabadilishwa, na kila mtu anahisi amesema jambo la maana.

Leo tusibadilishe mada. Maneno hayo matamu ndiyo yanayowapa nafasi wale wanaowapiga, wanaowatia njaa na wanaowaachia vidonda wazee wetu. Ukisema jambo halipo, huwezi kulikagua. Huwezi kulitungia sheria. Na mwenye mzee aliyeumizwa hawezi kuja mbele yako kukuambia, kwa sababu umeshamhukumu kabla hajafungua mdomo.

Tuanze na ukweli. Sensa ya 2019 ilihesabu watu milioni 2.7 nchini Kenya waliofika miaka 60 na kuendelea. Wengi wao wako majumbani, ni kweli. Lakini makao ya wazee yapo Kenya, na si ya jana. Kaunti ya Nairobi ina yake. Makanisa na mashirika ya hisani yana yao. Na siku hizi ziko nyumba za watu binafsi, nyumba ya kawaida tu mtaani, geti jeusi, mabango hakuna au kibao kidogo, ndani wazee sita, kumi, ishirini, na familia inalipa kila mwezi. Jirani wa pili hajui ni nini hasa kinachofanyika humo.

Wazee hao wamefikaje huko? Si wote wametupwa. Kuna mzee ambaye hakujaliwa mtoto. Kuna mama aliyezika watoto wake wote. Kuna baba mwenye maradhi ya kupoteza kumbukumbu anayetoka usiku wa manane kutafuta nyumba iliyobomolewa miaka 30 iliyopita, na bintiye anayemlea ana kazi ya kwenda saa kumi na moja alfajiri. Kuna watoto watatu, mmoja Doha, mmoja Minneapolis, mmoja Nairobi katika chumba kimoja na watoto wanne. Kule Kilifi kuna wazee waliokimbia vijiji vyao wenyewe kwa kuitwa wachawi, mara nyingi kiini kikiwa ni shamba, wakaishia kwenye vituo vya kuwaokoa. Hao nao utawaambia "kwetu hakuna mambo hayo"? Waliowafukuza ni wa kwao.

Kwa hivyo swali la kama makao yawepo au yasiwepo limeshajibiwa na maisha yenyewe. Yapo. Swali lililobaki ni hili: mzee akishaingia mle ndani, nani anajua anafanywa nini?

Miaka michache iliyopita kitengo cha uchunguzi cha BBC Africa Eye kilimwingiza mtu na kamera ya siri katika makao ya wazee kaunti ya Kiambu. Nchi nzima iliona mama mzee akipigwa kwa fimbo na wale waliopaswa kumtunza. Tulikasirika, tuliandika, tulitukana. Wiki mbili baadaye tukahamia kwa jambo jingine. Lakini hebu fikiria: ilihitajika kamera ya siri ya shirika la habari la nje ndipo tujue. Haikuwa ripoti ya mkaguzi, wala malalamiko ya familia yaliyosikilizwa. Bila ile kamera, fimbo ingeendelea kimya kimya, na sisi tungeendelea kusema kwetu hakuna.

Na tusidhani dhuluma ni fimbo peke yake. Fimbo ndiyo inayoonekana kwenye kamera. Mambo mengine yanaua polepole zaidi, na ni vizuri kila mmoja wetu ayajue kwa jina, kwa sababu ukishayajua utayaona.

La kwanza ni vidonda vya kulala. Mzee asiyeweza kujigeuza anatakiwa ageuzwe kitandani mara kwa mara, wauguzi wengi hufundishwa kila saa mbili hivi. Asipogeuzwa, ngozi ya matako, ya mgongo chini, ya visigino na ya nyonga inakosa damu. Inaanza kama wekundu au weusi usioondoka. Halafu ngozi inachanika. Halafu linakuwa shimo, na katika hali mbaya unaona mfupa. Kidonda hicho kikiingia vijidudu, sumu inaenea kwenye damu na mzee anafariki. Cheti cha kifo kitaandika maradhi fulani, na sisi tutasema ni uzee, siku zake zilifika. Kumbe aliuawa na kulazwa upande mmoja siku baada ya siku.

La pili ni kiu na njaa. Mzee hasikii kiu kama kijana, kwa hivyo akiachwa hatakunywa. Wengine hunyimwa maji makusudi, ili wasikojoe sana, nepi zisiishe haraka. Sahani inawekwa mbele ya mtu ambaye mikono inamtetemeka, dakika kumi baadaye inaondolewa, na daftari linaandikwa "amekula". Ukimwona mzee wako midomo imekauka, macho yameingia ndani, kanzu iliyomtosha mwezi uliopita sasa inamvaa, usiambiwe ni uzee ukakubali.

La tatu ni kuanguka. Wazee huanguka, hata nyumbani kwa mtoto bora kuliko wote. Lakini mzee anayeanguka mara tatu kwa mwezi katika chumba kisicho na taa usiku, sakafu imelowa, na hakuna wa kumpeleka msalani, huyo haanguki kwa qadar peke yake, kuna mtu ameacha kazi yake. Na nyonga ikivunjika kwa mtu wa miaka 80, wengi hawasimami tena. Mbaya zaidi ni pale anapoanguka leo na familia ikaambiwa wiki ijayo, au isiambiwe kabisa.

La nne ni dawa. Mzee msumbufu, anayelia, anayeita watu usiku, anapewa dawa ya kumlaza. Hana ugonjwa unaohitaji dawa ile, ila wahudumu wapumzike. Ukienda Jumapili unamkuta amelegea, mate yanamtoka, unaambiwa "leo amechoka". Kila Jumapili amechoka. Wengine hufungwa kwenye kiti au kitanda kwa leso.

La tano ni maneno, na wizi. Kuitwa mchafu. Kutishiwa: "ukisema kwa mwanao, usiku utaniona." Kuvuliwa nguo mbele ya watu, mama wa heshima aliyejisitiri maisha yake yote. Na zile 2,000 za Inua Jamii anazopewa mzee wa miaka 70 na zaidi, nani anazishika?

Shirika la Afya Duniani, WHO, limekusanya tafiti kuhusu jambo hili. Katika tafiti hizo, wafanyakazi wawili kati ya watatu wa makao ya wazee walikiri wenyewe kwamba katika mwaka uliotangulia walimtendea mzee ubaya wa namna fulani. Hao ndio waliokiri, na kwa midomo yao. Na hizo nyingi ni nchi zenye sheria, wakaguzi na bajeti.

Sasa tuulize, kwa nini mzee hasemi?

Wengine hawawezi. Aliyepooza mdomo, aliyepoteza kumbukumbu, akisema anaambiwa amechanganyikiwa. Hapo mtesaji amepata shahidi anayemfaa kuliko wote, kwa sababu hakuna atakayemuamini. Wengine wanaogopa, kwa sababu wewe utasikia malalamiko yake saa nane mchana, utaondoka saa tisa, na yeye atabaki na yule yule mtu usiku kucha. Na wengine, hawa ndio wananiuma zaidi, hawasemi kwa kuwaonea huruma watoto wao. Mama anakwambia "niko salama mwanangu, usijali", kwa sababu anajua huna pa kumpeleka.

Na familia je, kwa nini haisemi? Hapa ndipo aibu inapofanya kazi yake. Mtu amempeleka babake kwenye makao kwa siri. Majirani wameambiwa mzee yuko kwa mwanawe Nakuru. Msikitini wanauliza, anajibu "yuko, alhamdulillahi". Akigundua babake ana alama za damu kuvilia mikononi, ataenda wapi? Akienda polisi, habari itatoka, na swali la kwanza la jamii litakuwa: "Kwani ulimpeleka kule kwa nini?" Hakuna atakayeuliza nani aliyempiga. Basi anamhamisha kimya kimya. Anamtoa baba yake, anawaacha wazee wengine kumi na tisa pale pale na yule yule mhudumu. Na mwenye makao analijua hilo vizuri. Anajua wateja wake wamejificha. Mtu aliyejificha hawezi kupiga mayowe.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa tunaficha sisi, na kifo kinamuumbua mzee.

Mtu atasema: hayo ni kwa sababu ya umaskini wetu, kungekuwa na pesa na wakaguzi yasingetokea. Hebu basi tuitazame nchi yenye pesa na wakaguzi.

Mjini Adelaide, Australia, kulikuwa na makao yaliyoitwa Oakden, ya serikali ya jimbo la South Australia, kwa ajili ya wazee wenye matatizo makubwa ya akili na ya kumbukumbu. Mwaka 2016 mzee mmoja aliyelazwa huko alipewa dawa ya akili mara kumi ya kipimo alichoandikiwa. Baadaye alifikishwa hospitali akiwa na alama za kuumia mwilini ambazo hakuna aliyeweza kuzieleza. Mwaka huo huo akafariki. Mkewe na watoto wake waliuliza maswali na kulalamika kwa miezi, bila jibu la maana. Hawakunyamaza. Waliendelea mpaka wakubwa wa afya wakaagiza uchunguzi, na ripoti ya daktari mkuu wa magonjwa ya akili wa jimbo ikatoka Aprili 2017. Ikaeleza uzembe, utumiaji mbaya wa dawa na kufungwa kwa wagonjwa. Makao yakafungwa mwaka huo huo. Mwaka uliofuata kamishna wa kupambana na ufisadi wa jimbo naye akatoa ripoti yake, na katika jina lake akaliita jambo lile sura ya aibu katika historia ya jimbo.

Sasa sikiliza hapa. Oakden ilikuwa imekaguliwa. Kulikuwa na viwango 44 vya kitaifa, na makao yale yalikuwa yamepita vyote. Karatasi zilikuwa safi. Ukaguzi ule mkubwa wa kupewa kibali ulikuwa ukitangazwa mapema, na wewe mwenyewe wajua nyumba inavyofagiliwa mgeni akijulikana anakuja. Kilichofichua Oakden ni mjane aliyekataa kuona aibu. Alisimama hadharani akaeleza yaliyompata mumewe, na familia nyingine zikaanza kujitokeza moja baada ya nyingine, kila moja ilidhani iko peke yake.

Kutoka hapo mambo yakakua. Septemba 2018 serikali kuu ya Australia ikatangaza tume kubwa ya uchunguzi wa makao yote ya wazee nchini. Tume ikatoa ripoti ya mwanzo 2019 na kuipa jina la neno moja tu, "Uzembe". Ripoti ya mwisho, Machi 2021, ilikuwa na mapendekezo 148. Ukaguzi mkubwa wa kupewa kibali nao ukawa wa kushtukiza. Tangu Aprili 2021 makao yanalazimika kuripoti kila tukio zito la mzee kuumizwa. Tangu Julai 2023 lazima muuguzi aliyesajiliwa awepo saa 24. Sheria mpya ya kuwatunza wazee, iliyojengwa juu ya haki zao, ilianza kutumika Novemba 2025. Sisemi kwamba kule sasa ni peponi. Nasema mlango ulifunguliwa na familia zilizosema "ni baba yetu, alikuwa pale, na hiki ndicho alichofanyiwa", bila kuinamisha kichwa.

Kwetu sheria iko wapi? Katiba ya 2010 haikuwasahau wazee. Kifungu cha 57 kinaitaka serikali ihakikishe wazee wanaishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na wanapata matunzo yanayofaa kutoka kwa familia na kutoka kwa serikali. Tazameni vizuri: familia na serikali, wote wawili. Kifungu cha 28 kinampa kila mtu heshima ya utu wake. Kifungu cha 29 kinakataza ukatili wa aina yoyote, uwe wa serikali au wa mtu binafsi. Na kifungu cha 22 kinaruhusu mtu kwenda mahakamani kwa niaba ya mwingine asiyeweza kujisimamia. Kwa hivyo mzee aliyepoteza kumbukumbu hana haja ya kujua namba ya kifungu. Wewe unaweza kusimama kwa niaba yake.

Lakini katiba ni msingi, nyumba bado. Mtoto wa Kenya ana sheria yake tangu 2001, ikaandikwa upya 2022, na makao ya watoto yana kanuni zake. Mzee bado anangoja sheria yake mwenyewe yenye uzito kama huo. Mwaka 2018 mswada wa kuwatunza na kuwalinda wazee uliletwa Seneti. Tumeshapiga kura ya urais tangu siku hizo zianze kuzungumzwa kwa uzito kuhusu wazee, au siyo? Kila mgombea alipiga picha akimshika nyanya mkono. Picha tunazo. Sheria tunaidai.

Na kuna jambo jingine linalonishangaza. Mjini Nairobi na Mombasa vyuo vinavyofundisha vijana kazi ya kulea wazee vimejaa. Kijana anafundishwa namna ya kumgeuza mgonjwa, kumlisha asipaliwe, kumwinua bila kumvunja, kumsitiri anapomwogesha. Anapata cheti. Halafu? Cheti ni cha kwenda Marekani, Canada, Uingereza, Ujerumani au Ghuba, kumlea mzee wa watu. Mzee wetu wa hapa analelewa na nani? Mara nyingi ni binti aliyechukuliwa kijijini juzi, hakufundishwa chochote, analipwa kidogo, yuko peke yake usiku na wazee kumi na watano. Siku ya tatu bila usingizi, mzee anamwagia uji, na mkono unainuka. Simtetei. Aliyempiga mzee ajibu mbele ya hakimu. Lakini yule mwenye makao aliyemwachia mtu mmoja kazi ya watu watano ili faida iongezeke, huyo naye ajibu. Tukimfunga msichana na kumwacha tajiri, mwezi ujao ataandika msichana mwingine.

Najua pingamizi. Wako wanaosema tukianza kukagua kwa ukali, makao mengi yatafungwa na wazee watarudi barabarani. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Wengi wanaoendesha makao haya walianza kwa huruma, wanaomba unga kwa wasamaria wema, na hawana hata muuguzi mmoja. Ndiyo maana ukaguzi uje pamoja na msaada: mafunzo, muuguzi wa kaunti wa kupita kila wiki, dawa. Anayeshindwa kwa umaskini asaidiwe. Anayepiga na kuiba ashtakiwe. Na yakifungwa makao, serikali iwe na mahali pa kuwapeleka wazee kabla ya kufuli kuwekwa. Lakini kusema tusikague kwa sababu tutaona mabaya ni sawa na mtu anayekataa kupimwa ili asiambiwe anaumwa.

Pingamizi la pili ni letu sisi: kutangaza haya ni kuivunjia heshima familia. Hapana. Sitara haikuwekwa kumfunika dhalimu. Wazazi tumeusiwa kwa uzito sana, tumekatazwa hata kuwakemea, na kila Ijumaa tunakumbushwa. Sasa mtu anayenyamaza wakati mamake anapigwa, kwa kuogopa watu watasema nini, anailinda heshima ya nani? Ya mama, au yake?

Kwa hivyo tufanyeje? Mambo haya yako ndani ya uwezo wetu, hata kabla Bunge halijaamka.

Kama unampeleka mzee wako, au tayari yuko, uliza waziwazi. Makao haya yamesajiliwa wapi na kwa jina gani? Usiku kuna wahudumu wangapi kwa wazee wangapi? Nani anatoa dawa, na zinaandikwa wapi? Mzee akianguka, mnanipigia baada ya muda gani? Naweza kuja saa yoyote? Ukijibiwa wageni ni Jumapili tu, saa nane mpaka saa tisa, na lazima upige simu kwanza, ondoka na mzee wako.

Ukimtembelea, usiende siku moja tu wala saa moja tu. Nenda asubuhi, nenda wakati wa kula, nenda magharibi. Usikae sebuleni ukaletewa mzee aliyeshaogeshwa na kupakwa mafuta, ingia chumbani. Funua shuka. Tazama visigino, tazama mgongo chini. Kama wewe ni mwanamume na mzee ni mama, nenda na dadako. Kaa naye peke yake, bila mhudumu kusimama mlangoni. Usimuulize "uko sawa?" kwa sababu atasema ndiyo. Muulize jana usiku nani alikuwa zamu, na alikula nini.

Ukiona jeraha lisilo na maelezo, usianze kwa kugombana. Piga picha, andika tarehe na saa, andika uliambiwa nini na nani. Mpeleke mzee hospitali nyingine, daktari aandike alichokiona. Nenda kituo cha polisi, upewe namba ya OB, na ujaziwe fomu ya P3. Kanuni ya Adhabu inatambua shambulio na kumjeruhi mtu, na haina umri ambao mtu akiufika anaruhusiwa kupigwa. Peleka habari kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo yenu, na kwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu. Polisi wakikurudisha ati hayo ni mambo ya nyumbani, muulize afisa jina na namba yake, na urudi na mtu. Usiende peke yako. Sisi wa harakati hizi tupo kwa kazi hiyo.

Na usimhamishe mzee wako kimya kimya ukawaachia wengine moto. Kama kumtoa ni lazima, mtoe leo hii, lakini ripoti.

Kwa kamati za misikiti, makanisa na vikundi vya kina mama: tuna utaratibu wa kuwatembelea wagonjwa na wafungwa. Tuongeze makao ya wazee. Si kwenda Ramadhani na katoni ya tende, picha sita, na kurudi. Ziara ya kila mwezi, isiyotangazwa, watu wale wale wanaojua majina ya wazee na watagundua mmoja asipokuwepo. Makao mazuri yatafurahi kuwaona. Makao yatakayofunga geti yatakuwa yametuambia tulichotaka kujua.

Kwa wahudumu wa makao: mnaona yote. Wengi wenu mna moyo safi na mnaumia. Mkisema mnafukuzwa, tunalijua hilo. Ndiyo maana sheria tunayodai lazima imlinde mfanyakazi anayeripoti, na ndiyo maana mlango wetu uko wazi kwenu, jina lenu litabaki kwetu.

Na kwa wabunge, maseneta na kaunti, hatuombi makuu. Kila makao ya wazee yasajiliwe, makubwa kwa madogo, na orodha iwekwe hadharani. Ukaguzi uwe wa kushtukiza, usiku pia. Idadi ya chini ya wahudumu waliofundishwa iwekwe kisheria. Kila mzee anayeumia au kufariki ndani ya makao aripotiwe, na familia iambiwe siku hiyo hiyo. Mwenye makao, si mhudumu peke yake, awajibike. Matumizi yake si makubwa kuliko magari tunayoyaona kwenye misafara yenu.

Mwisho, neno kwa sisi wengine tusio na mzee kwenye makao. Siku jirani atakapokwambia kwamba amempeleka mamake kwenye makao, usimuulize kwa nini. Muulize ni makao gani, na lini mtakwenda pamoja kumwona.

Sambaza ujumbe huu kwa familia yako. Na kama una mzee aliyeumizwa, tuandikie. Hatutakuuliza kwa nini alikuwa kule.